Sikudhani na Mbwa wa Angani

Watu wa Busi, huko milimani juu ya Kondoa, hawafugi mbwa ndani ya ua. Mbwa ni wa kufukuza ngedere shambani, na akikulamba nguo unayo kazi ya kuiosha mara saba. Ndiyo maana walishangaa kumwona Bi Sikudhani, mke wa fundi Athuman, akitoka jioni na makoko ya ugali kwenye kipande cha kibuyu, akamwekea mbwa mmoja asiye na mwenyewe, pale nje penye minyaa. Wenzake walipomuuliza, alisema hajamgusa, amemlisha tu, na kama kuna dhambi ataijibu yeye. Kisa chake ndicho hiki. Anayetaka kucheka na acheke sasa, maana mbele huko hakuchekeki.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa hamsini na saba. Mwingereza alikuwa bado yuko bomani na bendera yake, nasi tulikuwa bado tunachimbishwa matuta ya lazima ili udongo usikimbilie makorongoni. Huko duniani wataalamu walikuwa wameshikwa na kichaa cha kuvumbua, kila mwezi wana jipya. Busi haikuwa na habari nao. Busi ilikuwa inangoja mvua.

Athuman alikuwa fundi cherehani Dodoma. Alikaa na mashine yake barazani kwa Vithaldas, Mhindi wa duka la nguo, mteja akinunua kitambaa ndani anashonewa nje hapo hapo. Ndani ya duka palikuwa na redio, na aliyeimiliki hasa si Vithaldas, ni mwanawe Harshad, kijana aliyesoma, ambaye angeweza kumsahau mteja na mita mkononi kwa sababu ya taarifa ya habari. Alilolisikia kwa Kiingereza alilitoa barazani kwa Kiswahili, na Athuman alishona huku masikio yamesimama. Kila alipopanda lori kurudi kwao kulima au kuvuna, alileta sukari, kanga ya mkewe, na habari.

Habari hizo Sikudhani alizipenda kuliko sukari. Mumewe alimsimulia usiku watoto wakishalala, kwamba Waingereza wamelipua bomu kwenye kisiwa cha bahari ya mbali, likawaka kama jua la pili. Kwamba ile homa ya mafua iliyowalaza watu nusu ya Kondoa ilianzia Uchina na kuizunguka dunia nzima, na kwamba madaktari walikuwa wamekwisha kumjua mdudu wake na kutengeneza sindano. Kwamba huko Ulaya wamejenga bakuli la chuma kubwa kuliko msikiti wa Kondoa, na kazi yake ni kusikiliza nyota. Sikudhani aliuliza nyota zinasema nini. Athuman akasema hajui, atamuuliza Harshad.

Hilo ndilo lililomfanya ampende tangu mwanzo, neno lake la sijui. Alipokuja kumposa alimwambia Mwantum, mama yake Sikudhani, kwamba hana ng'ombe hata mmoja na sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Mwantum alisema amewaona waposaji wengi, lakini huyu ndiye wa kwanza kuja kujitia dosari mwenyewe. Akampa binti yake.

Lakini kila mtu ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Athuman ulikuwa huo huo ukweli. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo wa kusifika. Aliwahi kuwatoa watu mashambani mchana kweupe, wakiwa na visu na vikapu, waende bondeni kugawana nyama ya ndovu aliyekufa. Walifika wakakuta mzoga wa kima. Tangu siku hiyo watoto wake wakaitwa wana wa ndovu, na Athuman alikua na jina hilo mgongoni kama mwenye kibyongo. Mwite mvivu atacheka, mwite bahili atacheka. Mwite mwongo, uone.

Basi mwezi wa kumi redio ikasema Warusi wamerusha mwezi wa chuma, unaizunguka dunia na kulia kama kifaranga. Mwezi wa kumi na moja ikasema wamerusha mwingine, mkubwa zaidi, na ndani yake wametia mbwa. Mbwa mzima, anayepumua, mwenye chakula chake na hewa yake. Harshad alilisema hilo karibu alie kwa furaha. Athuman aliacha kushona, akamfanya arudie, akauliza tena na tena mpaka akaridhika. Kisha akaaga, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na jembe lilikuwa linamngoja nyumbani.

Lori lao lilikwama kwenye mchanga wa mto, wakakaa huko mpaka wakachoka hata kulaumiana. Alipofika Busi ilikuwa Ijumaa, watu wanaelekea msikitini. Hakupita nyumbani hata kunywa maji. Alitia udhu, akasali nao, na walipotoka wakakaa barazani akawapa habari ya mbwa.

Haikupokelewa. Bomu lilipokelewa, homa ilipokelewa, hata lile bakuli walilisindikiza kwa kicheko tu. Lakini mbwa, najisi ile, apande huko juu tunakoinulia mikono kuomba? Wazee walikunja nyuso. Bashiri, binamu yake Athuman, mtu wa mzaha ambaye hakuna msiba asiouchekea, alitazama juu akiwa ameziba jua kwa kiganja, akasema haoni mkia. Akasema Waswahili walisema aliye juu mngoje chini, basi yeye atakaa hapo na fupa amngoje. Watu wakaangua kicheko. Athuman naye alijitahidi kucheka. Hapo ndipo Bashiri, kwa kunogewa, akaongeza la mwisho.

"Baba alituletea ndovu bondeni, mwana anatuletea mbwa mbinguni."

Athuman alisimama.  Kule kwetu, mwanamume akitaka kuaminiwa kuliko kawaida haapi kwa Mungu peke yake, kwa kuwa Mungu ni mwingi wa kusamehe. Anaapa kwa talaka, maana talaka haisamehi. Ni ada mbaya, walimu wameikemea tangu zamani, na wanaume hawajaiacha, kwa sababu anayeumia nayo huwa hayupo barazani.

"Wallahi," akasema, "kama hakuna mbwa hai anayezunguka huko juu saa hii ninayosema, Sikudhani ameachika talaka tatu."

Kicheko kilikatika. Mwalimu Hassani, aliyefundisha watoto wa Busi Kurani na aliyekuwa bado anatafuta viatu vyake mlangoni, aligeuka akamtazama kwa huzuni. Alimwambia amelifunga fundo ambalo hajui mkono wa kulifungua. Athuman alijibu kwamba hana wasiwasi, jambo ni la kweli. Akaenda nyumbani kwa mkewe na kanga mpya.

Hakumwambia. Hilo Sikudhani alilishika rohoni kuliko yote. Alimpikia, akamwandalia maji ya kuoga, akasikiliza habari ya mbwa na kuuliza kama huko ndani pana dirisha, na mume akamjibu vizuri na asiseme neno kuhusu kiapo. Yeye Sikudhani alikuwa na lake la kumwambia. Jioni moja ya wiki ile alikuwa juu ya dari la tembe akianua mtama wa mbegu, akaona nyota inatembea. Haikuanguka kama vimondo. Ilitembea, taratibu, imeshika njia yake, ikapita juu ya kilima ikaenda zake. Alimsimulia mumewe, naye akafurahi mno, akamshika mikono yote miwili. Basi wa kumshuhudia alikuwa naye nyumbani mwake, lakini huko barazani nani angemuuliza mwanamke?

Habari ya kiapo Sikudhani aliisikia siku ya pili yake kisimani. Mwanamke mwenzake alimpa pole, na alipoona Sikudhani haelewi pole ya nini, akajuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alimwambia yote. Sikudhani aliinua mtungi wake, akapanda nao mlima, akautua mahali pake bila kumwaga hata tone. Kisha akamuuliza mumewe kama ni kweli. Athuman alisema ni kweli, lakini asijali, mbwa yupo. Sikudhani akasema, "Hata kama yupo." Akaingia ndani kupepeta mbegu. Alikuwa na uchungu hata ungo ukawa unamtoka mikononi.

Siku ya mnada Bashiri alishuka Kondoa kununua chumvi kwa Gulamrasul, Mhindi Mwislamu mwenye duka na redio. Aliuliza kwa mzaha wake ule ule habari za mbwa wa angani. Gulamrasul akajibu, huku anapima chumvi, kwamba yule mbwa amekwisha kufa, redio imesema. Bashiri akauliza amekufa lini. Gulamrasul akasema hawakutaja siku. Wamesema tu amekufa.

Bashiri alirudi mlimani bila chumvi, ameisahau kwenye kaunta. Mzaha ulikuwa umemwishia wote. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Hassani na kumwambia, kisha akakaa uani kwa Mwalimu amejiinamia, na huyo ndiye Bashiri aliyekuwa akicheka misibani.

Sasa lilikuwa jambo zito. Kama mbwa alikuwa hai Ijumaa ile, ndoa ipo. Kama alikuwa amekufa, Sikudhani ameachika tangu baraza ile, tena kwa talaka tatu, ambazo hazina kurejeana mpaka aolewe na mwingine na kuachwa huko. Mwalimu Hassani alisema yeye hawezi kuhukumu kwa kubahatisha. Mke aende kwao, mume aende Dodoma akapate ukweli, na mpaka hapo wasikae chini ya paa moja. Athuman akaondoka kabla jua halijatoka. Sikudhani akambeba mtoto mdogo, akamshika binti yake mkubwa, Zaituni, mkono, akaenda kwa Mwantum.

Mvua ilinyesha, na shamba halingoji hukumu. Sikudhani alipanda uwele na karanga kwenye shamba ambalo hakujua kama ni lake. Alikuwa amelifyeka yeye, amelichimba matuta yeye, miaka yote mume yuko Dodoma. Kama mbwa alikufa Alhamisi, mavuno yatakuwa ya nani? Na Zaituni atalala wapi? Alipanda huku analia, na alipochoka kulia alipanda tu.

Wala si mumewe aliyemjia akilini zaidi. Ni mbwa. Alimfikiria amefungiwa ndani ya chuma, anasikia mlio usiokoma, anangoja aliyemlisha jana aje afungue. Hakuapa yeye, hakubishana na mtu, hakuomba kupandishwa. Wakubwa walikuwa na mashindano yao wakamtia ndani. Sikudhani alijikuta kwenye mkeka, baada ya kuomba kwa ajili ya wazazi na watoto, anaomba mbwa yule awe alikuwa hai siku ya Ijumaa. Mwantum alimsikia akamgombeza, akamuuliza tangu lini binti wa Kiislamu anamwombea mbwa.

"Mama," akasema, "na mimi nani ananiombea?"

Mwantum akaenda jikoni. Baadaye alimletea uji.

Athuman alirudi amekonda kama aliyeumwa. Watu walikusanyika uani kwa Mwalimu Hassani, wanaume kwenye mikeka, Sikudhani na mama yake ndani ya mlango, wanasikia kila neno. Athuman alieleza kwamba Harshad alikesha na redio ile mpaka betri ikaisha, na aliuliza kila msomi anayemjua Dodoma. Stesheni moja ilisema mbwa aliishi wiki nzima. Nyingine ilisema siku chache. Wengine walisema hewa ilimwishia, wengine kwamba aliuawa kwa chakula chenye sumu ili asiteseke. Warusi wenyewe, waliomrusha, walikuwa wamesema amekufa na kunyamaza.

Mwalimu Hassani alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza polepole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango, "Wewe mwenyewe, Athuman, kwa uliyoyasikia, unaweza kusema kwamba Ijumaa ile alikuwa hai?"

Hapakuwa na mtu pale asiyejua jibu linalotakiwa. Neno moja tu. Bashiri alimgusa goti, akamnong'oneza aseme ndiyo, kwa jina la Mungu aseme ndiyo. Mwantum alimkamata binti yake kifundo cha mkono. Na Sikudhani, aliyempenda mtu huyu kwa kuwa hakusema uongo kwao siku ya posa, alifumba macho akamwomba Mungu amfanye mumewe mwongo kwa mara moja, basi, mara moja katika maisha yake.

"Sijui, Mwalimu," Athuman akasema. "Siwezi kusema nisilolijua."

 Mkono wa Mwantum ulilegea. Sikudhani hakulia. Alijisikia mtupu, kama ghala baada ya panya, na kwa muda hakusikia kinachosemwa nje.

Kilichosemwa nje kilikuwa hiki. Mwalimu Hassani alisema ndoa ya watu hawa ni jambo la yakini, ilifungwa mbele ya macho ya wote, na yeye alikula ubwabwa wake. Kufa kwa mbwa kabla ya Ijumaa ni shaka. Yakini haivunjwi kwa shaka. Basi Sikudhani ni mke wa Athuman, jana, leo, na kesho akipenda Mungu. Kisha akamgeukia Athuman na kumkaripia mbele ya watu, jinsi ambavyo hajawahi kumkaripia hata mtoto wa chuoni. Akamwambia atalisha maskini kwa kiapo kile, na kwamba mtu anayeweka nyumba yake rehani kwa sababu ya kicheko cha wenzake hana tofauti na baba yake aliyewatoa watu mashambani. Athuman aliinama. Bashiri ndiye aliyelia, kwa sauti, bila haya.

Watu walipongezana. Mwantum alitaka kupiga kigelegele, akamwangalia binti yake, akakimeza.

Walirudi nyumbani kwa njia ya korongoni, Athuman mbele na Zaituni mabegani, Sikudhani nyuma na mdogo mgongoni na furushi kichwani. Udongo ulikuwa umelowa, mwekundu, unanata miguuni. Walipofika uani Athuman alimteremsha mtoto, akasema, kwa sauti ya mtu aliyepona, kwamba wamshukuru Mungu.

Sikudhani alitua furushi. "Ungeweza kusema alikuwa hai, baba Zaituni."

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Ndiyo."

Athuman alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na hapo ndipo uso wake ulipomvunjika kweli, kuliko alipokuwa mbele ya Mwalimu. Alianza kusema kwamba yeye maisha yake yote hakuwa na kitu kingine ila neno lake. Sikudhani akamwambia anajua. Akamwambia kwamba kwa neno hilo hilo amemtia mzanini mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa akili timamu, na mara zote mbili yeye Sikudhani ndiye aliyekuwa mwepesi. Hakusema kwa ukali. Alisema huku anafungua mbeleko mgongoni, anamlaza mtoto kwenye kivuli cha ukuta.

Waliishi pamoja baadaye, wakazaa wengine wawili, na Athuman hakuapa tena mpaka anakufa, hata kwa kope za macho yake. Lakini Sikudhani hakumwita tena baba Zaituni. Alimwita fundi, kama wateja wake wa Dodoma walivyomwita, na mgeni asiyejua angedhani ni heshima.

Siku ile, baada ya kumlaza mtoto, Sikudhani alisimama kidogo amekamata mpini wa jembe, anatazama juu, ingawa ilikuwa mchana na hapakuwa na kitu isipokuwa mawingu.

"Alikuwa dume au jike?"

"Nani?"

"Mbwa."

Athuman alifikiri. Hilo alilijua, Harshad alikuwa amelisema mwanzoni kabisa, na hakuna mtu Busi aliyewahi kumuuliza.

"Jike," akasema. "Walimwokota barabarani tu. Hakuwa na mwenyewe."

"Nilijua," Sikudhani akasema, akatia jembe begani akaenda shambani, maana magugu yalikuwa yameanza kuota kati ya karanga.